Usiku Mashabiki wa Buffalo Waliposhangilia Kufungwa: Kisa cha Misimu 14 Bila Mtoano

Machi 26, 2015, Buffalo Sabres waliwakaribisha Arizona Coyotes. Ndizo timu mbili zilizokuwa zikiburuza mkia wa ligi nzima ya hoki ya barafuni ya NHL. Dakika 60 zilikwisha 3–3, wakaingia muda wa nyongeza, na haukupita muda Sam Gagner wa Arizona akatikisa nyavu. Mchezo ukaishia hapo, na ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Waliokuwa wakishangilia walivaa jezi za Buffalo. Walikata tiketi kuja kuiona Buffalo, na sasa walikuwa wamesimama wakipiga makofi kwa sababu Buffalo imefungwa.

Naishabikia timu hii tangu enzi za kipa Dominik Hasek, na nimeziona mechi nyingi zinazouma kuliko hiyo. Hata hivyo, mtu akiniuliza Sabres ilifikaje kwenye misimu 14 mfululizo bila kuingia mtoano, kuanzia 2011–12 hadi 2024–25, huwa naanzia usiku ule. Rekodi ya zamani ya NHL ilikuwa misimu 10, ambayo Florida Panthers na Edmonton Oilers walifikia kila mmoja kwa wakati wake. Buffalo iliipita, kisha ikazidi kusonga mbele. Tukumbuke pia kwamba mtoano wa NHL huchukua timu 16, yaani nusu ya ligi au zaidi. Timu ambayo kila mwaka ingerusha tu sarafu juu ingekuwa imeshaingia mara kadhaa.

Nitasema mapema ninaloliamini. Vipaji Buffalo vilikuwepo muda wote. Timu ilijifundisha kushindwa, ikaondoa kila mtu ambaye angeweza kuwafundisha vijana kitu kingine, na kila mara kazi ilipoanza kushika mizizi, mtu wa juu aliing'oa.

Kwa asiyeifahamu historia: Sabres iliingia ligi mwaka 1970, na mchezaji wake wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Gilbert Perreault. Yeye, Rick Martin na René Robert waliunda safu ya ushambuliaji ambayo wazee wa Buffalo bado wanaisimulia. Ilifika fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 1975, ikafungwa na Philadelphia. Ikarudi fainali mwaka 1999, ikafungwa na Dallas kwa bao la Brett Hull katika muda wa nyongeza wa tatu, huku kiatu chake kikiwa ndani ya eneo la kipa. Mpaka leo shabiki wa Buffalo atakuambia halikuwa bao. Msimu wa 2006–07 timu ilimaliza kileleni mwa ligi na pointi 113, sawa na Detroit, na Julai 1, 2007 ikawapoteza Daniel Brière na Chris Drury siku moja, bure kabisa, kwa sababu mikataba yao iliachwa mpaka ikaisha. Kumbe ile siku ilikuwa dalili. Klabu ilikuwa na tabia ya kutowathamini watu wake mpaka wawe wameshapanda ndege.

Februari 2011 Terry Pegula aliinunua timu kwa dola milioni 189. Alikuwa shabiki mwenye fedha na machozi ya kweli machoni, na aliahidi kwamba kuanzia siku hiyo timu itakuwepo kwa ajili ya kushinda Kombe la Stanley. Nilimwamini, na sioni aibu kulisema. Aprili ile timu iliingia mtoano na ikatolewa na Philadelphia katika mchezo wa saba. Kiangazi hicho fedha zikamwagwa: beki Christian Ehrhoff akapewa miaka 10 kwa dola milioni 40, na Ville Leino miaka sita kwa dola milioni 27. Kufikia kiangazi cha 2014 wote wawili walikuwa wamelipwa ili waondoke. Leino msimu wake wa mwisho hakufunga bao hata moja.

Hapo ndipo klabu ilipogeuka ghafla. Lindy Ruff, aliyekuwa kocha tangu 1997, alitimuliwa Februari 2013. Nahodha Jason Pominville akapelekwa Minnesota miezi miwili baadaye. Meneja mkuu Darcy Regier aliwaambia watu kwamba njia iliyo mbele huenda ikadai mateso, na Novemba mwaka huohuo kibarua chake kikaota nyasi. Thomas Vanek akaondoka. Februari 2014 kipa Ryan Miller, uti wa mgongo wa timu kwa karibu muongo mzima, akauzwa St. Louis pamoja na nahodha mpya Steve Ott. Meneja mkuu mpya, Tim Murray, alikuwa na ramani moja tu, na wote tuliijua.

Ramani yenyewe ilikuwa hivi. Kila kiangazi kuna drafti, ambapo timu huchagua vijana wapya, na walioshindwa sana hupata nafasi nzuri zaidi kupitia bahati nasibu. Mwaka 2015 kulikuwa na vijana wawili waliosemekana kuwa wa aina inayopatikana mara moja kwa kizazi: Connor McDavid na Jack Eichel. Kwa kanuni za wakati ule, timu iliyomaliza mkiani ilikuwa na nafasi ya asilimia 20 ya kuchagua wa kwanza, na kwa vyovyote isingeshuka chini ya nafasi ya pili. Kwa hiyo mkia ulikuwa dhamana. Ukishika mkia, mmoja wa wale wawili ni wako.

Klabu ikaufuata mpango huo kwa uaminifu wa kutisha. Kuna jambo moja ambalo silisahau. Msimu ule makipa wawili, Jhonas Enroth na Michal Neuvirth, walianza kucheza vizuri mno na kuiibia timu pointi ambazo klabu haikuzitaka. Enroth akauzwa Februari. Neuvirth akashika nafasi yake, akacheza vizuri naye, akauzwa Machi. Ufikirie ujumbe huo kwa wachezaji waliobaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ukifanya kazi yako vizuri, unafungashiwa virago. Timu ilimaliza na pointi 54, na wastani wake wa mabao haukufika mawili kwa mechi.

Baada ya ule mchezo wa Arizona, beki Mike Weber aliongea na waandishi akiwa ameumia waziwazi. Siku zote alikuwa amewasifu mashabiki wa Buffalo, na sasa hakujua aseme nini kuhusu watu wanaoshangilia bao la mpinzani. Wakati ule nilimwona kama mtu asiyeona mbali. Nilikuwa upande wa wale waliokuwa wakishangilia. Nilihesabu pointi za Arizona kila asubuhi nikiomba zizidi zetu. Leo naona Weber ndiye aliyekuwa anaona, na sisi tuliokuwa tunahesabu ndio tuliokuwa gizani.

Bahati nasibu ilipochezwa, Edmonton waliomaliza nafasi ya tatu kutoka mkiani wakampata McDavid. Buffalo ikampata Eichel. Mwaka mmoja kabla, pia kutoka mkiani, ilikuwa imepitwa na Florida na kumchagua Sam Reinhart nafasi ya pili. Wengi husema kisa kizima ni bahati mbaya tu: mpira wa bahati nasibu ungeanguka vingine, Buffalo ingekuwa na vikombe. Sikubaliani na maelezo hayo. Edmonton walimpata McDavid na bado iliwachukua hadi 2024 kufika fainali. Eichel mwenyewe, kama tutakavyoona, alikuwa mchezaji wa kutosha kubeba timu hadi kombe. Alilibeba akiwa kwingine.

Watetezi wa mkia hutaja Pittsburgh na Chicago. Ni kweli, Pittsburgh walipata Evgeni Malkin 2004 na Sidney Crosby 2005 baada ya miaka mibaya, wakabeba kombe 2009. Chicago walimpata Jonathan Toews 2006 na Patrick Kane 2007, wakabeba 2010. Lakini angalia Pittsburgh walivyofanya baada ya kupata vijana wao. Walimweka Mark Recchi pale, wakamleta Gary Roberts, wakamleta Bill Guerin, wanaume waliokwisha kuonja kombe, wakae karibu na vijana na kuwaonyesha mtu wa kazi anakula vipi, analala vipi, anakaaje kimya baada ya kufungwa na anaamkaje kesho yake. Buffalo ilibomoa nyumba mpaka msingi, kisha ikamkabidhi kijana wa miaka 18 ufunguo. Eichel alipofika, karibu wote waliojua kushinda walikuwa wameshauzwa.

Mtu mzima mmoja waliyemleta ni Ryan O'Reilly, senta (mshambuliaji wa kati) aliyetoka Colorado mwaka 2015. Huyu ndiye mchezaji ninayemsikitikia kuliko wote. Alibaki barafuni baada ya mazoezi mpaka taa zinakaribia kuzimwa. Aprili 2018, baada ya timu kumaliza mkiani tena na pointi 62, alisema kwa unyoofu kwamba fikra ya kuzoea kushindwa imeingia ndani ya timu, na kwamba kuna nyakati amepoteza mapenzi yake kwa mchezo. Klabu yenye busara ingesikia hapo kengele ya hatari, ikamwita, ikamuuliza: tukusaidie nini? Julai 1 mwaka huo, siku ambayo alikuwa anadai bonasi ya dola milioni 7.5, akapelekwa St. Louis, na St. Louis ndio walioilipa. Januari 2019 St. Louis walikuwa mkiani mwa ligi nzima. Juni wakabeba Kombe la Stanley, na mchezaji bora wa mtoano akawa O'Reilly.

Mtu anaweza kusema biashara ile iliwaletea Tage Thompson, ambaye baadaye alifunga mabao 47 katika msimu wa 2022–23. Kweli, na nampenda Thompson. Ila iliwachukua karibu miaka mitano kumfikisha hapo, na ndani ya miaka hiyo hakuna aliyesema tena kwa sauti kile alichosema O'Reilly. Walikuwa wameona gharama yake.

Novemba 2018 timu ilishinda mechi 10 mfululizo na kukaa kileleni mwa ligi. Haikuingia mtoano.

Nikiorodhesha makocha kati ya Ruff wa kwanza na Ruff wa pili, maana alirudishwa Aprili 2024, unapata Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger na Don Granato. Sita. Mameneja wakuu baada ya Regier, hadi msimu wa 2024–25: Murray, Jason Botterill, Kevyn Adams. Kila mmoja alikuja na falsafa yake, akatema vijana wa mwenzake, akaanza upya. Mwaka 2020, msimu ulipokatizwa na janga la korona, ligi ilizikaribisha timu 24 kumalizia mashindano. Hata katika hizo 24, Buffalo haikuwemo. Juni ile Botterill akafukuzwa pamoja na kundi kubwa la watu wa idara ya hoki, wakiwemo wasaka vipaji, na kiti chake akapewa Adams, ambaye hakuwahi kuwa meneja mkuu mahali popote. Msimu uliofuata timu ilicheza mechi 18 mfululizo bila ushindi. Naomba uisome tena hesabu hiyo: mechi 18.

Ndani ya mkosi huohuo, mwanzoni mwa Machi 2021, ndipo Eichel alipoumia shingo. Alitaka upasuaji wa kuwekewa diski bandia, ambao hakuna mchezaji wa NHL aliyekuwa amefanyiwa. Madaktari wa timu walitaka aunganishwe mifupa ya shingo. Kwa makubaliano ya ligi na chama cha wachezaji, neno la mwisho lilikuwa la klabu, na klabu ikakataa. Naelewa hofu ya madaktari, kwa kuwa shingo si kitu cha kujaribia. Nisichokielewa ni miezi ya ukimya na mvutano iliyofuata, unahodha kuvuliwa Septemba, na mwishowe Novemba 4, 2021 kupelekwa Vegas, ambako alipasuliwa vile alivyotaka. Februari alikuwa barafuni. Juni 2023 alibeba kombe, akiwa kinara wa pointi wa mtoano mzima.

Reinhart alipelekwa Florida Julai 2021. Msimu wa 2023–24 alifunga mabao 57, na katika mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Edmonton ndiye aliyefunga bao la kombe. Beki Brandon Montour, aliyeuzwa kwa Florida miezi michache kabla yake, alikuwa naye kwenye sherehe. O'Reilly, Eichel, Reinhart, Montour. Nimewaona wote hawa kwa jezi ya bluu na dhahabu wakiinamisha vichwa mwezi wa Machi, na nimewaona wote wakilinyanyua lile kombe la fedha kwa jezi ya watu wengine. Anayesema tatizo lilikuwa vipaji anijibu hapo.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, baada ya lile la 2015, halizungumzwi sana. Msimu wa 2022–23 timu ya Granato ilikuwa na furaha. Ilifunga mabao mengi kuliko karibu timu zote za ligi, beki Rasmus Dahlin alikuwa amekomaa, na mwishoni ilikosa mtoano kwa pointi moja: Buffalo 91, Florida 92. Florida hao walioponea hapo wakaenda hadi fainali. Iliyoiua Buffalo ni Novemba moja yenye mechi nane mfululizo za kufungwa, na ulinzi wa goli uliotegemea kipa mwenye miaka 41, Craig Anderson, kusimama kila alipoweza. Basi kiangazi kile kazi ilikuwa nyepesi kuliko wakati wowote ndani ya miaka 12. Tafuta kipa aliyekomaa. Tafuta washambuliaji wawili wanaojua kuzuia bao dakika ya 58. Wakaleta mabeki wawili, Erik Johnson na Connor Clifton, na goli wakamfungulia Devon Levi, kijana aliyekuwa ndio kwanza ametoka chuo kikuu. Pointi zikashuka hadi 84. Granato akatimuliwa kwa kosa la kukosa vitu ambavyo hakupewa.

Nilikasirika zaidi Desemba 2024. Timu ikiwa kwenye mwendo ambao ungefika mechi 13 bila ushindi, Adams alieleza kwa nini wachezaji hawataki kuja Buffalo: hakuna minazi huku, alisema, na kodi za jimbo la New York ni kubwa. Mashabiki wakaanza kuja uwanjani na minazi ya kupulizwa. Basi tuitazame hoja yenyewe kwa haki. Winnipeg hawana minazi. Baridi yao inawazidi Buffalo, na msimu uleule wa 2024–25 walimaliza wakiwa na pointi nyingi kuliko timu yoyote ya ligi. Brière na Drury walipenda kubaki Buffalo. Pominville alirudi Buffalo mwaka 2017 na kumalizia hapo maisha yake ya hoki. Mchezaji hakimbii theluji. Anakimbia mahali ambapo miaka yake mizuri itaishia Aprili, kila mwaka.

Katikati ya mkosi ule Pegula alisafiri hadi Montréal kuzungumza na wachezaji. Akawatia moyo. Kesho yake wakachapwa 6–1. Simchukii mwenye timu, na sidhani kama ameacha kuipenda. Lakini makocha walipita, mameneja walipita, wachezaji walipita, na aliyebaki kwenye kila uamuzi kuanzia 2011 ni mmoja. Aliyekubali mkia ni yeye. Aliyefukuza wasaka vipaji ni yeye. Aliyemchagua Adams na kumwacha zaidi ya miaka minne bila mtoano ni yeye. Alipokosa subira alifukuza watu mapema, na alipoamua kuwa na subira aliiweka mahali pasipostahili.

Rick Jeanneret alitangaza mechi za timu hii tangu 1971 hadi 2022. Sauti yake ndiyo iliyotufundisha wengi wetu kuipenda Sabres kabla hatujaelewa hata kanuni ya kuotea. Miaka yake 11 ya mwisho kazini hakupata kutangaza tena mchezo wa mtoano, na akafariki Agosti 2023. Huwa nawaza juu yake kuliko ninavyowaza juu ya bahati nasibu ya 2015.

Jeff Skinner naye. Alicheza mechi 1,078 za NHL bila kuonja mtoano, na zaidi ya 400 kati ya mechi hizo alikuwa Buffalo, nyingi zake chini ya mkataba wa miaka minane. Kiangazi cha 2024 klabu ikamlipa aondoke. Akaenda Edmonton, na majira ya kuchipua yaliyofuata akaingia mtoano.

Waliobaki ni Thompson na Dahlin. Dahlin alichaguliwa wa kwanza mwaka 2018 akiwa na miaka 18, akasaini miaka minane kwa wastani wa dola milioni 11 kwa mwaka wakati angeweza kusubiri na kuondoka, na Oktoba 2024 akavishwa unahodha. Hadi msimu wa 2024–25 unaisha alikuwa amecheza misimu saba bila mchezo hata mmoja wa mtoano. Nimemtazama akibaki barafuni baada ya kipenga cha mwisho, kichwa juu, akimsubiri kila mwenzake apite mlangoni kabla yake. O'Reilly alikuwa hivyohivyo mwaka 2018, na siku ile hakuna aliyemuuliza anahitaji nini.